Robert Williams, Mskoti wa shaba ya Katanga: kwa nini reli aliielekeza Lobito na si Dar?

#1 Mwanareli
Wakuu, salama?

Tangu Biden aende Angola Desemba 2024, habari za reli ya Lobito zimejaa kila kona, lakini sijaona uzi unaomtaja aliyeianzisha. Anaitwa Robert Williams, Mskoti, mzaliwa wa Aberdeen mwaka 1860. Alifika Kimberley 1881 akiwa na miaka 21, akafanya kazi kwenye migodi ya almasi, huko akafahamiana na Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza ambaye Rhodesia iliitwa kwa jina lake. Januari 1899 akaanzisha kampuni ya Tanganyika Concessions, ambayo wauza hisa wa London waliizoea kwa jina la Tanks. Kampuni hiyo ilitafuta shaba Kansanshi, Zambia ya leo, kisha ikavuka mpaka kuingia Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, na Oktoba 1906 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba. Kibali cha kujenga reli hiyo ya Lobito, yaani reli ya Benguela, alikipata kwa Wareno Novemba 1902, cha miaka 99. Reli ikafika mpaka wa Kongo 1929.

Dai langu: huyu bwana amegusa maisha ya watu wa ukanda huu kumzidi Rhodes, na shuleni hatukuwahi kumsikia. Swali langu: kampuni imebeba jina la ziwa letu, Kigoma ipo, Dar ipo, kwa nini mzigo aliupeleka Atlantiki?

#2 Kahawa Chungu
Ngoja waje wataalamu. Naweka kambi hapa.

#3 Chifu Mdogo
Hapo kwa Rhodes umetia chumvi, mkuu. Reli yenyewe ilikuwa ya Rhodes, tawi la ndoto yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Williams alikuwa kijana wake wa kazi tu.

#4 Mwanareli
Mkuu #3, Rhodes alifariki Machi 1902. Kibali cha reli kilipatikana miezi minane baadaye. Tena waliobaki kwenye kampuni ya Rhodes hawakuitaka reli hii hata kidogo. Walikuwa na njia yao ya Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo) inayoshuka hadi bandari ya Beira, Msumbiji, na kila tani ya shaba ikipita huko nauli ni yao. Mtu anayejenga njia ya kukukwepa huwezi kumwita kijana wako wa kazi.

#5 Mwana Likasi
Jambo kwenu. Mi niko mtu wa Likasi, mji ule waliuita Jadotville. Nawaomba musiandike kama shaba ilianza na Williams. Bankambo, mababu zetu, walikuwa wanachimba na kuyeyusha miaka mingi sana mbele ya muzungu kufika. Wasanga, Wayeke, Wakaonde, wote walijua ile kazi. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ya ngozi ya swala, makaa ya mti mgumu, na ile jiwe ya kijani, malakaiti, inawekwa juu. Shaba ikitoka wanaimwanga kwenye kalibu iliyochongwa udongoni, inakuwa msalaba.

Kwetu tunao mmoja. Upande wa chini ni bapa na una vishimo vidogo vya mchanga, upande wa juu kila mkono una mgongo katikati, kama bati lililokunjwa. Ukiushika kwa mkono mmoja, kiganja kinachoka. Hiyo ilikuwa feza, na mahari ilikuwa inalipwa nayo.

George Grey, mkuu wa msafara wa Williams, alipofika Kansanshi 1899 alioneshwa mahali na chifu Kapijimpanga wa Wakaonde. Akakuta mashimo tayari. Huko Katanga, ilikuwa vilevile. Fundi wa kizungu alikuwa anauliza, "mashimo ya zamani iko wapi?", halafu anapigilia kigingi pembeni.

#6 Nyota ya Usumbwa
Mkuu #5 nakuunga mkono, ila naongeza kipande kinachotuhusu sisi wa Tabora na Kahama. Msiri, mfalme wa Wayeke aliyekaa Bunkeya, alitoka huku. Baba yake Kalasa alikuwa mfanyabiashara aliyekwenda Katanga kufuata shaba, na Msiri, jina la kuzaliwa Ngelengwa, akabaki huko akajenga dola. Aliuza shaba, pembe na watumwa hadi pwani ya Mashariki na hadi Benguela upande wa Magharibi. Kwa hiyo njia ya kupeleka shaba Benguela haikubuniwa Aberdeen. Misafara ya Waovimbundu wa Angola ilikuwa inaikanyaga wakati Williams yuko darasani.

Desemba 1891 msafara wa Stairs, uliotoka Zanzibar na wapagazi wa pwani, ulifika Bunkeya kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Tarehe 20 Msiri akapigwa risasi na Kapteni Bodson, ambaye naye alikufa kwenye tukio hilohilo. Katanga ikawa ya Leopold, Rhodes akaikosa. Bila kifo kile Williams asingekuwa na mlango wa kugonga.

#7 Chifu Mdogo
Sawa, mmenipa historia ya akina babu. Lakini Leopold na Rhodes walikuwa hawaivi chungu kimoja. Inakuwaje Mskoti mwenye urafiki na Rhodes apewe Katanga na Leopold? Hapo kuna mchezo.

#8 Mwanareli
Ndiyo sehemu inayonivutia zaidi. Mwaka 1900 Wabelgiji waliunda Comité Spécial du Katanga, kamati ya kuisimamia Katanga. Walikuwa na ramani na ripoti ya Jules Cornet, mwanajiolojia aliyepita huko 1892 akaandika kwamba shaba ni nyingi. Hawakuwa na watu wa kuchimba wala njia ya kufika kutoka mdomo wa Kongo. Williams alikuwa na Grey, wahandisi, na reli ya Rhodesia iliyokuwa inapanda kutoka kusini. Desemba 1900 wakakubaliana: Tanks itafute madini kwa gharama yake, faida igawanywe, 60 kwa Kamati na 40 kwa Tanks. Leopold alipata shaba bila kutoa pesa mfukoni, Williams akapata eneo ambalo Rhodes alilipigania akalikosa.

#9 Mbeba Mzigo
Nilisikia huyo Williams aliliwa na simba Kenya. Ni kweli?

#10 Mtu wa Athi
La, huyo ni Grey. George Grey, yuleyule wa #5, ndugu yake Sir Edward Grey aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza. Mwaka 1911 alikuwa anawinda huku nyanda za Athi, simba aliyejeruhiwa akamrukia. Alifia Nairobi na kaburi lake liko hapa. Williams mwenyewe alikufa kwao Uskoti 1938, kitandani, akiwa baroneti (cheo cha heshima cha Uingereza) tangu 1928.

Na mkiongea Waskoti, Kenya tunaye wetu, William Mackinnon wa Campbeltown, mwenye Imperial British East Africa Company. Ukipanda treni ya Mombasa unapita Mackinnon Road. Ule mji jina lake limetoka kwake.

#11 Mbeba Mzigo
Kwa hiyo simba wa Kenya anajua kuchagua, amemwacha mwenye hisa amemla meneja 😂

#12 Mskoti wa Kilwa
Naishi Aberdeen mwaka wa nane sasa, niseme kidogo kuhusu mji. Huku karibu kila nyumba ya zamani ni ya granaiti, jiwe la kijivu lenye chembe zinazometa jua likitoka baada ya mvua. Shimo la Rubislaw, ambako sehemu kubwa ya jiwe hilo ilichimbwa, lina kina cha mita 140 hivi. Lilifungwa 1971, sasa limejaa maji katikati ya makazi ya watu. Kijana aliyekulia hapa miaka ya 1860 na 1870 alikuwa anaamka kwa mlio wa baruti na nyundo. Kuchimba kwake hakukuwa kitu kigeni.

Akitajirika alinunua shamba la Park, bonde la mto Dee, magharibi ya mji. Ndiyo maana baroneti yake iliitwa ya Park. Nimepita karibu na eneo hilo kwa basi mara nyingi, miti mikubwa na malisho. Wenyeji niliowauliza kazini hakuna anayemjua. Wanamjua Livingstone.

#13 Dereva wa Nyanda
Habari zenu. Mimi naendesha transit, Dar hadi Kolwezi na kurudi. Nijibu swali la mleta uzi kwa macho yangu.

Ukitoka Kolwezi unashuka Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa. Hapo mpakani unaweza kulala siku nne au wiki. Ndiyo uingie Zambia, upande hadi Nakonde, Tunduma, halafu Mbeya, Iringa, Morogoro. Mzigo ni mabamba ya kopa, yaani shaba, yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, kila fungu tani mbili na ushee, na gari zima linaonekana tupu kwa sababu mabamba ni mazito yanajaa chini tu. Juu turubai, sili nyuma, na utingo halali, maana wezi wa kopa wa njia ile wanapanda gari likiwa linakata mlima. Mwenzangu alipunguziwa mabamba matatu, tajiri wake akamkata mshahara mpaka leo hajamaliza deni.

Sasa ukitazama ramani, Kolwezi hadi Lobito ni moja kwa moja magharibi. Hakuna kuzunguka Zambia. Yule mzee alichora mstari. Huo ndio ukweli, mengine siasa.

#14 Mwanareli
Mkuu #13 umenena. Na ukifika Lobito uko tayari upande wa Ulaya. Ukitokea Beira au Dar ilikuwa lazima uzunguke Rasi ya Tumaini Jema au ulipie Suez. Halafu Lobito yenyewe ni bandari ya asili: ulimi wa mchanga wa kilomita kama 5 umekinga maji ya kina.

#15 Ujiji Kwetu
Hoja ya umbali haitoshi. Mnasahau Dar ilikuwa ya nani. Mwaka 1902 Dar ilikuwa ya Mjerumani, na reli ya Kati ilifika Kigoma 1914 tu, miezi michache kabla ya vita. Williams angejengaje matumaini juu ya reli ambayo haipo, ndani ya koloni la mshindani? Kwa Mreno ilikuwa rahisi: koloni kubwa, serikali haina pesa, inagawa vibali. Tanks ikachukua asilimia 90 ya hisa za reli, serikali ya Ureno 10. Angepata wapi masharti hayo kwa Mjerumani?

Na msisahau: baada ya vita Mbelgiji hakuiacha njia yetu. Mkataba wa Machi 1921 ulimpa maeneo yake ndani ya bandari za Kigoma na Dar, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wazee wa Kigoma wanakumbuka Belbase, ndiyo maeneo hayo. Mzigo wa Kongo ulivuka ziwa kutoka Kalemie, ukapanda treni, ukaenda Dar. Kwa hiyo njia ya Dar ilikuwapo, ila mwenye kuitumia alikuwa Mbelgiji kwa masharti yake, Williams hakuwamo.

#16 Chifu Mdogo
Mbona #4 unasema reli ilikuwa ya kuikwepa Beira, #13 anasema mstari ulionyooka, #15 anasema Mjerumani? Chagueni moja.

#17 Fundi Spana
Kwa nini tuchague moja? Nimefanya kazi karakana ya reli, nione kwa upande wa makaa. Tanuru la Lubumbashi lilianza kutoa shaba 1911, mwaka mmoja baada ya reli ya kusini kufika hapo, enzi hizo Elisabethville. Liliendeshwa kwa koki ya makaa ya Wankie, Rhodesia. Behewa linaleta makaa kaskazini, halitarudi tupu, linarudi na shaba. Hicho ndicho kilichoifunga Katanga kwenye njia ya kusini miaka yote hiyo, Lobito iwepo isiwepo. Reli ya Williams ilipounganishwa na Katanga 1931, kumbuka, dunia ilikuwa kwenye mdororo na bei ya shaba imeporomoka. Wabelgiji nao tangu 1928 walikuwa na njia ya reli hadi Ilebo, kisha mto hadi Kinshasa, kisha Matadi, waliyoiita njia ya taifa, wakaipendelea. Mtu amehangaika tangu 1903, amefika, mteja ana njia nyingine mbili.

Ujenzi nao ulikuwa balaa. Kutoka pwani njia inapanda hadi zaidi ya mita 1,800 kwenye nyanda za juu. Kwenye korongo la Lengue ilibidi watumie reli ya meno, injini inang'ata katikati ili isirudi nyuma. Makaa hayakuwapo, wakapanda mikalitusi kandokando ya njia ili injini zichome kuni. Misitu ile ilikuja kuwa mikubwa ajabu. Vita vya 1914 vilipoanza walikuwa wamefika kilomita 500 hivi, kazi ikasimama hadi 1920.

#18 Mtu wa Athi
Pia pesa. Wajerumani walitaka kuingiza mtaji kabla ya vita, na hilo likawafanya wakubwa wa London wamtazame Williams kwa jicho la pembeni. Baada ya vita, Afrika Kusini na Rhodesia wakapinga Uingereza isimsaidie kwa sababu bandari zao zingekosa mzigo. Mskoti anayefanya kazi na Mbelgiji ndani ya koloni la Mreno, kila mtu anamwona wa upande mwingine.

#19 Binti Luapula
Nimewasoma wote. Mnazungumza hisa, mabehewa, mikalitusi. Nani alichimba?

Kulikuwa na kampuni nyingine yenye jina lake, Robert Williams & Company. Kazi yake ilikuwa kuandikisha vibarua Rhodesia ya Kaskazini, upande wetu wa Luapula na Ubemba, na kuwapeleka migodi ya Katanga. Ilifanya hivyo kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1910 hadi mdororo wa 1931. Babu wa mama yangu alikwenda kwa mkataba wa namna hiyo. Walitembea kwa miguu hadi Katanga, wakiwa na blanketi moja moja. Kambini walilala wengi kwenye kibanda kimoja, unga wa muhogo uliozoeleka nyumbani haukuwapo, na baridi ya Juni kule juu si ya mchezo. Homa ya mapafu, kuhara damu, kifua kikuu, halafu homa ya mafua ya 1918. Watu walikufa mno, hadi vijiji vingine viliwaficha vijana mwandikishaji akionekana. Babu alirudi, kaka yake hakurudi, na hakuna aliyeleta barua wala nguo zake.

Mkitaka kujua kama Williams alikuwa mjenzi au mporaji, mimi sina shida na ujuzi wake wa ramani. Nataka jina la yule kaka liandikwe mahali.

#20 Kahawa Chungu
Pole sana dada. Post ya uzi hii.

#21 Nyota ya Usumbwa
Pole dada #19. Union Minière baadaye waliona hasara ya kuzika watu kila mwezi. Miaka ya 1920 wakaanza kuchukua watu Kasai na Ruanda-Urundi, na kuwaruhusu wakae na wake zao. Wengine wanasema ni huruma, mimi naona hesabu ya gharama ya kibarua mpya.

#22 Mwana Likasi
Ni hesabu. Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma Lubumbashi kudai mshahara, askari waliwapiga risasi uwanjani, pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi. Williams alikuwa amekufa, lakini Tanks yake bado ilikuwa na hisa mule ndani.

Na kuna jambo hamujataja. Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na sisi hapa. Urani ya pale iliibuliwa 1915 na Robert Rich Sharp, aliyekuwa mtu wa Tanks. Mwaka 1940 tani kama 1,200 za madini yale zilipakiwa Lobito zikaenda New York, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwetu. Reli ile munayoisifia kwa shaba ilibeba na hiyo.

#23 Mbeba Mzigo
Aisee. Hili la Lobito na Hiroshima sikulijua kabisa.

#24 Mskoti wa Kilwa
Nyongeza ndogo: mji wa Caála, mkoa wa Huambo, wakati wa Mreno uliitwa Vila Robert Williams. Baada ya uhuru jina likaondolewa. Kwa hiyo Angola walimjua, na walichagua la kumfanya.

#25 Chifu Mdogo
Turudi kwenye mada. Kibali cha miaka 99 kiliisha lini?

#26 Mwanareli
2001, reli ikarudi kwa serikali ya Angola. Ikarudi imekufa, maana vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeisimamisha tangu 1975. Wachina wakaijenga upya. Mwaka 2022 ikapewa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis kuiendesha.

#27 Ujiji Kwetu
Ajabu ni kwamba reli yake ilipokufa 1975, TAZARA ya kilomita 1,860 ndiyo ilikuwa inakamilika. Zambia ilikuwa imekosa Rhodesia, ikakosa Lobito, ikaokolewa na Dar. Na Septemba 2024 Beijing wametia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ndiyo ushindani uleule, Lobito na Dar zinagombea bamba lilelile la kopa.

#28 Dereva wa Nyanda
Mkuu #27, treni zote mbili zikifufuka sisi wa malori tutakula wapi? Hilo nalo mlijadili. Tunduma nzima inaishi kwa foleni: mama lishe, wabadili fedha, mafundi tairi, gesti.

#29 Fundi Spana
Treni haifiki kila shimo, mkuu. Kutoka mgodini hadi stesheni bado lori.

#30 Dereva wa Nyanda
Hiyo ni safari ya kilomita 40, si ya 2,000. Mshahara ni wa safari.

#31 Chifu Mdogo
Nimesoma zote na bado sijashawishika. Kama Williams alikuwa mkubwa kumzidi Rhodes, mbona mteja wake mkuu alimkimbia mwaka uleule reli ilipokamilika? Mtu mkubwa hajengi reli kwa zaidi ya miaka 25 bila kufunga mkataba wa mzigo kwanza. Mwanareli, jibu hilo.

#32 Mwanareli
Mteja hakumkimbia, aliligawa lile shehena njia tatu ili asitegemee mmoja. Hata hivyo nakupa nafasi: lete ushahidi kwamba Rhodes angefanya vizuri zaidi kati ya Leopold na Mreno, tuendelee.

#33 Binti Luapula
Mwana Likasi, makaburi ya zamani ya kambi za vibarua huko kwenu bado yapo? Yana alama zozote?

#34 Mwana Likasi
Dada, ya Kambove nitaenda kuuliza kwa wazee juma hili. Niandikie faragha jina la kaka wa babu na kijiji chake.